Mgonjwa na Aulizwe Uji

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Katika tiba ya macho, methali hiyo haifai. Mtu akikaribia miaka 40 au kuipita, lenzi iliyomo ndani ya jicho lake hukakamaa na maandishi ya karibu humkimbia. Mwenye uwezo huweza kubandikiwa juu ya jicho lenzi za masafa mengi, zinazoingiza taswira ya mbali na ya karibu kwa pamoja na kuuachia ubongo kazi ya kuchagua. Huenda akazisoma herufi zote za ubao wa daktari, na bado akasumbuliwa na vivuli na mng'ao wa taa usiku. Bila kumuuliza, adha hiyo haijulikani.

Je, aulizwe kwa maneno gani? Dodoso moja la uoni wa karibu, lililotungwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012, lina maswali 10 yanayogusa magazeti, barua, kompyuta na simu. Na lifikishwe Kimuka, ng'ambo ya vilima vya Ngong katika Kaunti ya Kajiado. Simu zipo, lakini mama atungaye shanga hupimwa na tundu la sindano, na mpishi hupimwa na kijiwe kilichojificha ndani ya maharagwe. Aidha, mvaaji wa lenzi angefaa kuulizwa kuhusu vumbi na maji safi ya kunawia mikono kabla ya kuzigusa.

Majibu nayo yana mitego. Dodoso hutaka ngazi: hakuna ugumu, kidogo, kiasi, sana. Msemaji mmoja hulitumia neno "kiasi" kwa maana ya wastani, mwingine kwa maana ya kidogo. Isitoshe, "hujambo" hujibiwa "sijambo" hata na aliye taabani. Mzee akiulizwa na kijana kama ana shida, atasema "si haba", na mtafiti ataandika sifuri. Kwa wazee wa Kimuka wanaofikiri kwa Kimaasai, Kiswahili chenyewe ni tafsiri.

Basi kupima hali ya mgonjwa ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya hesabu. Wanafunzi wa isimu na tafsiri wasingoje kuletewa dodoso lililokamilika ili wabadilishe maneno tu. Waketi na madaktari, na watunga shanga pia, tangu swali la kwanza linapoandikwa. Uji utapikwa vyema iwapo mgonjwa ataulizwa, na jibu lake likaeleweka.