MIGUU, SEHEMU YA 3: SPONJI YA KIATU SIYO KIPIMO

Nimetoka zamu, miguu iko juu ya stuli, tuendelee.

Tangu sehemu ya 2 mnaniuliza jambo moja: "Sista, zile sponji za kuweka ndani ya kiatu zinasaidia au tunaliwa hela?" Jibu: zinasaidia, mimi mwenyewe navaa. Ila kuna watu hawatakiwi kuzinunua kabla hawajapimwa. Leo nawaandikia hao.

Nianze na mimi. Kisigino kiliwahi kunitesa sana. Hatua za kwanza asubuhi ni kama nakanyaga msumari, nikitembea kidogo inapoa, jioni baada ya kusimama kwenye sakafu ya saruji inarudi. Ukiwa na dalili hizo, mara nyingi ni ule utepe mgumu wa chini ya unyayo, unaotoka kisigino kwenda vidoleni, umechoka. Nikaweka sponji, nikaacha kandambili zilizolika, na kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani nikawa navuta vidole vya mguu kuja kwangu, taratibu, mara kumi kumi. Ilichukua miezi, siyo siku tatu anazosema muuzaji. Na usikope kununua ya bei mbaya. Kwa maumivu haya ya kisigino, tafiti hazijaonyesha kuwa ya kupimiwa inaipita sana ile ya kawaida ya dukani.

Sasa sikilizeni kisa cha mama mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane). Anauza mboga hapa hapa Bombambili. Miguu ilikuwa inawaka moto usiku, mchana ganzi. Akaambiwa "ni kusimama sana", akauziwa sponji. Akavaa, akafurahi. Sponji ikajikunja chini ya kidole kidogo, yeye hajui. Wiki nzima hajui! Alichokuja kugundua ni harufu. Tulipompima, sukari ilikuwa juu sana, na hakuwahi kuambiwa ana kisukari. Kile kidole hatunacho tena.

Sponji haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba mguu ulikuwa unaomba kupimwa, ukapewa godoro.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela fanya hivi. Fumba macho, mtu akuguse kwa ncha ya kidole, taratibu bila kubonyeza, kwenye kidole gumba, cha katikati na kidogo, miguu yote miwili. Jumla vidole 6. Ukishindwa kuhisi viwili au zaidi, usiende dukani, nenda kituo cha afya ukapime sukari. Na hata ukihisi vyote, kama miguu inawaka au inakufa ganzi, kapime vilevile. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma kwenye shavu la mguu, hiyo ni ya kuwahi leo leo, siyo kesho.

Mwenye kisukari simkatazi sponji. Laini na inayokaa sawa inamfaa, ila achaguliwe na anayejua. Watu wa ukoma walitengenezewa ndala zenye sponji laini juu na mpira mgumu chini, kwa sababu hiyo hiyo ya ganzi. Ni taaluma kabisa: pale KCMC Moshi kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viatu tiba tangu 1981. Ombi langu kwa wakubwa: huduma hiyo isogee karibu na sisi wa Ruvuma, maana nauli ya kwenda Moshi inamshinda muuza mboga.

Wewe mwenye ganzi, kila siku ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, na angalia nyayo zako usiku. Ukishindwa kuinama, mwite mjukuu aangalie.

Wale wa mitumba: toa kwanza sponji ya zamani, usipandishe mpya juu yake, vidole vitabanwa. Na kiatu kinunuliwe jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo.

Sehemu ya 4 tutaongelea vidonda. Leo kabla ya kulala, mguse mama yako vidole vya miguu. Kisha uniambie amehisi vingapi.