AKILI YA FUNDI NI MALI YA NANI?

Ndugu wafanya kazi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Murang'a,

Mshahara tunaupigania, na saa za kazi pia. Lakini kuna mali moja tunayoitoa bure bila kuulizwa, nayo ni akili zetu. Mtu akiibiwa kuku atapiga kelele mpaka chifu asikie. Akiibiwa chombo alichokibuni mwenyewe hunyamaza, kwa kuwa ameambiwa hataza ni mambo ya mainjinia na mawakili.

Hataza ni hati ya Serikali inayosema: jambo hili jipya ni la fulani, na kwa miaka 20 mtu mwingine asilitengeneze wala kuliuza bila idhini yake. Naye mvumbuzi huieleza siri yake wazi ili wengine wajifunze, na miaka ikiisha ni ya wote. Kwa uvumbuzi mdogo, kama kuboresha mashine ya kukata majani ya ng'ombe, iko hati ndogo ya miaka 10. Mapatano haya ni ya haki. Ubaya uko mlangoni.

Zamani mlango ulikuwa London: hataza haikuandikishwa Kenya mpaka kwanza imepatikana Uingereza. Sheria ya 1989 ndiyo iliyotuletea ofisi yetu, iliyoanza Nairobi mwaka 1990, na sasa tunafuata sheria ya 2001. Mlango umesogea, lakini kuingia ni kwa fedha. Kuna ada ya kuomba, ada ya kuchunguzwa, ada ya kupewa hati, kisha ada ya kila mwaka inayopanda kadiri miaka inavyokwenda. Usipolipa, hati imekufa. Wakili wa kukuandikia maombi naye anataka chake. Tena hati ya Kenya haivuki Namanga wala Malaba. Ukitaka kulindwa Tanzania na Uganda, lipa tena. Na ukiigwa, ni juu yako kushitaki.

Wako wasemao: basi hataza ziondolewe, kila mtu aige apendavyo. Hao wanamsaidia nani? Mwenye kiwanda kikubwa atanunua chuma kwa jumla, na kuuza Karatina chini ya bei ya fundi aliyebuni.

Mtazameni Elijah McCoy, mtu mweusi wa Marekani. Alisomea uinjinia Scotland, lakini reli ya Michigan ilimpa kazi ya kutia makaa na mafuta tu. Mwaka 1872 akapata hataza ya chombo cha kutia injini mafuta ikiwa inakwenda, isisimamishwe tena kwa ajili hiyo. Kwa kukosa mtaji aliuza haki nyingi kwa wenye fedha. Kampuni yenye jina lake aliianzisha mwaka 1920, amekwisha kuwa mzee. Hataza alikuwa nayo. Alichokosa ni fedha na watu wa kusimama naye.

Sasa sikieni lililo kubwa. Sheria yetu ya 2001 yasema uvumbuzi uliofanywa katika kazi ya mkataba ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Uliovumbua nje ya kazi yako, bila vifaa vya mwajiri, ni wako. Ndugu, maneno yale manne, "isipokuwa mkataba umesema vingine", ni mlango wa chama chetu. Mbona tunakaa na waajiri mezani kila mara, tukajadili nyumba na likizo, na hilo hatulitaji?

Nadai mambo matatu. Kwanza, mapatano yetu na waajiri yataje fungu la mfanya kazi katika kila uvumbuzi wake. Pili, chama kiweke mfuko wa kumkopesha mwanachama ada. Tatu, kila tawi liwe na mtu anayejua fomu hizo, awaonye wenzake wasitangaze kitu kabla ya kukiandikisha.

Viongozi wetu, tunangoja jibu katika mkutano ujao wa tawi. Haba na haba hujaza kibaba: shilingi chache za kila mmoja zitalipa ada ambayo mmoja hawezi.

Umoja ni nguvu.

Ndimi mwenzenu wa reli, Kiganjo.