Nyumba Zinajengwa, Lakini Hati Iko kwa Jina la Nani?



Siku hizi ukifungua simu hukosi picha ya magorofa mapya. Utepe umekatwa, funguo zimetolewa, watu wanapiga selfi mlangoni. Mei 2025 ilikuwa Mukuru kule Nairobi, nyumba 1,080 zikakabidhiwa wenyewe. Wengine wanashangilia, wengine wanauliza pesa zinazokatwa kwa mshahara zinaenda wapi. Sisi wa Kendu Bay tunaangalia, tunasambaza, halafu tunarudi kulala kwa simba ndani ya boma la baba.

Maswali ya mshahara ni ya haki na tutayagusa. Lakini kuna swali moja ambalo vijana wetu wengi hawajaliuliza, na ndilo litaamua kama utakuwa na nyumba yako ukifika miaka 40. Hiyo ardhi unayotarajia kujengea, hati yake iko kwa jina la nani?

Hesabu ya nchi

Tuanze na picha kubwa. Serikali inakadiria kwamba Kenya ina upungufu wa nyumba karibu milioni 2. Kila mwaka zinahitajika mpya kama 250,000, na zinazojengwa rasmi kwa miaka mingi zimekuwa kama 50,000. Kitu kikiwa haba, bei inapanda. Ndiyo maana sensa ya 2019 ilikuta kwamba mijini, karibu familia 8 kati ya 10 ni wapangaji.

Na usidhani hao wengine wote wamepewa na benki. Mwisho wa 2023, mikopo ya nyumba nchi nzima ilikuwa kama 30,000 tu, katika nchi yenye familia zaidi ya milioni 12. Wastani wa mkopo mmoja ulizidi shilingi milioni 9, na riba yake kwa wastani ilizidi asilimia 14 kwa mwaka. Mwuza omena wa Kendu Bay hayumo kwa hiyo hesabu. Mwalimu wa BOM hayumo. Fundi wa bodaboda hayumo.

Kwa hivyo anayejenga Kenya hasa ni nani? Ni mwananchi mwenyewe, kwa mfuko wake, pole pole. Mwaka huu tripu ya mchanga. Mwaka ujao matofali. Mabati yanakaa chini ya kitanda mpaka mbao zipatikane. Nyumba inaweza kuchukua miaka saba na hakuna ripoti ya bei itakayoiandika, kwa sababu haijawahi kuuzwa. Huo ndio mtindo wa kwetu, na si wa kuonea aibu. Pesa ikikaa kwa simu inaisha kwa vitu vidogo vidogo, lakini tofali likishanunuliwa linakungoja.

Shida ni kwamba sera nyingi za nyumba zinazungumza na mnunuzi wa gorofa, na huyu mjenzi wa pole pole zinampita.

Ushuru unaotoka, gharama inayorudi

Angalia Sheria ya Fedha ya 2023. Ndiyo iliyoanzisha ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri. Sheria hiyo hiyo iliweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje, yaani ile malighafi inayosagwa kuwa saruji, na kwa vyuma ghafi vinavyotengeneza nondo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda viwanda vya hapa. Sawa. Lakini mkono mmoja ulikuwa unakata mshahara ili nyumba zijengwe, na mwingine unaongeza gharama kwa yule anayejijengea.

Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema ushuru ule unakiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba unabagua kati ya walioajiriwa na wasioajiriwa. Serikali ikarudi Bungeni, na Machi 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini. Safari hii ushuru unamgusa hata asiye na mshahara.

Fanya hesabu. Ukilipwa 30,000, unakatwa 450 kila mwezi na mwajiri anaongeza 450. Kwa mwaka ni 10,800 kwa jina lako. Hiyo ni pesa ya mabati kadhaa.

Sasa, hiyo sheria ya 2024 inatambua pia nyumba za bei nafuu za mashambani, yaani mahali popote pasipo mji. Hilo linatuhusu moja kwa moja. Pia ilipopitishwa ilitaka mnunuzi awe na amana ya asilimia 10. Kwa hesabu hiyo, nyumba ya milioni moja ni 100,000 mkononi kabla hujapewa ufunguo. Kijana anayeamka usiku kungoja mashua ufuoni anaweza kuzipata, lakini aanze leo na asidanganywe kwamba ni za kesho.

Kibos na Kibera zinatufundisha nini

Mtu anaweza kusema: mimi sina haja na gorofa, nina shamba la babu. Alhamdulillah. Basi tuulize karatasi.

Kibos, Kisumu, si mbali na sisi. Ni safari ya matatu kupitia Katito. Jamii ya Wanubi waliishi pale tangu miaka ya 1930. Walikuwa na nyumba, walikuwa na makaburi ya wazee wao. Februari 2020 tingatinga ziliingia usiku, shirika la reli likisema ardhi ni yake, na maelfu ya watu wakabaki nje. Waliojenga nyumba za mawe na waliojenga za mabati wote walilala kwenye baridi sawa.

Kibera nayo, Wanubi walianza kukaa huko mwaka 1904. Mwaka 1918 eneo lililotengwa rasmi lilikuwa ekari 4,197. Walipopata hati ya jamii Juni 2017, baada ya kesi na kilio cha miaka mingi, ilikuwa ya ekari 288. Hesabu tofauti mwenyewe. Karibu miaka mia moja bila karatasi imekula zaidi ya ekari 3,900.

Utasema sisi si Wanubi, shamba letu limepimwa zamani, namba iko. Ndiyo, hali yetu ni nafuu. Lakini boma nyingi za Karachuonyo zina tatizo lao la kimya kimya: hati iko kwa jina la babu, na babu alishazikwa. Baba hakuwahi kufungua mirathi. Baba naye amezeeka. Wajukuu wako kumi na tano, kila mmoja anaonyesha kona yake kwa kidole. Huyu ameshauza kipande kwa mtu wa mjini kwa karatasi ya daftari. Yule amejenga mahali ambapo shangazi anasema ni pake.

Juu ya ardhi ya namna hiyo huwezi kugawa hati, huwezi kuomba mpango wowote wa nyumba za mashambani, huwezi hata kuuza kihalali. Na kila mwaka bei inapanda. Lami ya kwenda Homa Bay imefanya ploti za kando ya barabara zitafutwe na watu wenye pesa kuliko sisi. Bei ikipanda, ndugu wanagombana zaidi. Aliyekuwa hajali robo ekari mwaka jana, mwaka huu anakuja na wakili.

Mirathi ni kazi ya vijana pia

Tunajua wazee hawapendi hii hadithi. Ukiuliza hati, unaambiwa unamtakia mzee kifo. Lakini mirathi ni amri ya dini yetu, na Sura An-Nisaa imeitaja kwa mafungu. Kuichelewesha miaka thelathini hakuna heshima yoyote kwa marehemu.

Kwa kifupi, njia ni hii. Mnahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, na nakala ya utafutaji kutoka ofisi ya ardhi inayoonyesha nani amesajiliwa. Hapo ndipo mnaenda mahakamani kupata msimamizi wa mali. Bila msimamizi halali, hakuna mtu ana mamlaka ya kugawa wala kuuza, hata awe kifungua mimba.

Katiba, kifungu cha 170, inaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kusikiza mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda kwake. Kumbukeni hilo, kwa sababu familia zetu nyingi ni mchanganyiko: mjomba Msabato, shangazi Mkatoliki, sisi Waislamu, na tunakula pamoja. Mmoja akiwa nje ya dini au akikataa, kesi inaenda mahakama ya kawaida. Hata huko, Sheria ya Urithi inasema mali ya marehemu Muislamu inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Usikubali kutishwa kwamba ukitoka kwa Kadhi umepoteza.

Na hapa lazima tuseme wazi kwa kaka zetu. Dada zako wana fungu. Wengi wetu tukifika kwa mirathi tunageuka watu wa mila ghafla: msichana ataolewa, aende akapate kwa mumewe. Huyo huyo Ijumaa yuko safu ya mbele. Ukijenga juu ya fungu la dada yako, hiyo nyumba umeijenga juu ya haki ya mtu, hata kama ina vigae.

Kama unanunua, usilipe kwa neno tupu wala kwa karatasi ya daftari. Fanya utafutaji ofisi ya ardhi kwanza. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yanatakiwa ndani ya miezi sita. Bila hiyo, mkataba wako unaweza kuwa batili. Uliza pia mke wa muuzaji amekubali. Na ukiona ploti ya ufuoni imekuwa rahisi ghafla, kumbuka 2020, ziwa lilipanda kupita rekodi ya 1964. Waulize majirani maji yalifika wapi.

Bila riba inawezekana

Wengi wetu tunakwama hapa: mkopo una riba, basi tumekaa. Tusikae.

Iko njia ya ushirika unaopungua. Nyumba ni milioni 3. Wewe unaweka laki 3, taasisi inaweka milioni 2.7, mnaimiliki pamoja. Kila mwezi unalipa kodi kwa ile sehemu yao na unanunua kipande kidogo cha fungu lao, mpaka inakuwa yako yote. Benki za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008. Mwaka 2023 ilitolewa sukuk ya shilingi bilioni 3 kugharamia ujenzi wa nyumba 3,069. Kwa hivyo mtu akikuambia nyumba bila riba ni ndoto, hajafuatilia. Kinachokosekana ni kuifikisha kwa mtu anayejenga chumba kimoja kwanza.

Na kwa huyo, chama kinatosha kuanza. Miaka ya 1960 na 1970, akina mama wa Mkoa wa Kati walikuwa na vikundi vya mabati. Kila mmoja anatoa kidogo, mwezi huu paa la huyu, mwezi ujao la yule, nyasi zikaondoka kijiji baada ya kijiji. Vijana kumi wa Kendu Bay wakitoa 2,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja anapata 20,000 za vifaa. Hakuna riba, hakuna wa kukupigia simu ya vitisho. Sharti ni moja: zinunuliwe vifaa, asipewe mtu pesa mkononi.

Tunachodai, tunachofanya

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Kwa hivyo tunauliza bila kuomba radhi. Mpango wa nyumba za mashambani utafika Rachuonyo Kaskazini lini, na kwa masharti gani? Mkataba wa malipo ya kila mwezi utakuwa na chaguo lisilo na riba kwa Muislamu anayekatwa ushuru kama wengine? Kazi za milango, madirisha na vyuma zitapewa mafundi wa hapa? Mchanga wa Kobala unajenga miji ya watu. Vijana wanaoupakia wanapata nini zaidi ya maumivu ya mgongo? Maswali haya yapelekwe kwa MCA wakati kaunti inaita maoni ya bajeti. Vikao hivyo huwa viti vitupu, halafu tunalalamika.

Kamati za misikiti nazo zinaweza kuitisha siku moja ya mirathi, aje mwanasheria na mtu wa ofisi ya ardhi, familia zije na nakala zao, na akina mama wakae ukumbini pamoja na wengine, si nyuma ya pazia ambako hakuna anayewasikia.

Wewe binafsi anza na kazi moja kabla ya Ijumaa ijayo. Kaa na mzee jioni, kwa adabu, muulize: hati iko wapi, na ina jina la nani? Ikiwa ni jina la aliyefariki, andika majina ya warithi wote, wa kiume na wa kike, walio hapa na walio Nairobi. Kisha nenda kwa chifu.