Vumbi Haliandikwi Katika Daftari



Mtu akikatwa kidole na mashine, damu inaonekana. Msimamizi anakuja mbio, karatasi inajazwa, na hata fidia ikichelewa jambo limekwisha kuandikwa katika daftari. Lakini mwenye kuvuta vumbi la pamba, la saruji au la mawe kwa miaka kumi na mitano anaumia bila damu. Siku atakaposhindwa kupanda ngazi ataambiwa ni uzee, au ni baridi ya zamu ya usiku. Hapo ndipo penye ugomvi wetu.

Wenzetu wa viwanda vya nguo wanaijua sana Jumatatu. Mtu hurudi kutoka mapumzikoni, na kabla jua halijachwa kifua kimembana. Jumanne ana nafuu, Jumatano amesahau. Wengine humcheka, wakidhani alikunywa mno Jumapili. Si pombe hiyo. Ni vumbi la pamba, na madaktari wameujua ugonjwa huo tangu zamani, wanauita bisinosisi. Asipoondolewa vumbini mapema, kifua kitambana kila siku, na mwishowe njia za pumzi haziwi tena kama zilivyokuwa.

La mawe ni baya zaidi. Wachonga mawe, na wachimba dhahabu wa Migori na Kakamega, huvuta vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Hilo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Huo ndio silikosisi, na dawa ya kuuponya haipo. Tena mapafu yenye vumbi hilo hushikwa upesi na kifua kikuu. Basi mtu hutibiwa, hupona, halafu hurudishwa kwenye vumbi lile lile! Kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Maji juu ya msumeno wa mawe, na feni ya kulivuta vumbi pale linapotoka, hayo ndiyo husaidia.

Hatusemi sigara haina neno. Mwenye vumbi na sigara anajiumiza mara mbili. Lakini sigara isiwe kichaka cha mwajiri kujifichia.

Sheria zipo. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama kila penye watu 20 au zaidi. Kanuni za mwaka 2005 zataka wenye kazi za hatari wapimwe afya waanzapo kazi, wawapo kazini, na waondokapo, kwa gharama ya mwajiri. Na sheria ya fidia ya mwaka 2007 inahesabu maradhi ya kazi pamoja na majeraha. Sasa twauliza: ni nani kati yenu aliyepimwa siku ya kuondoka? Kibarua wa miezi mitatu hupewa mshahara wake na kuonyeshwa lango. Kikohozi kikimzidi baadaye, atakionyesha kwa ushahidi gani?

Kipimo chenyewe si kigumu. Mtu hupuliza kwa nguvu katika mashine iitwayo spirometa, nayo huonyesha pumzi yake ni kiasi gani. Twataka kipimo hicho kiingie katika mkataba wetu na waajiri, na nakala apewe mfanya kazi mwenyewe. Serikali nayo iweke mashine hizo katika hospitali za kaunti, si za miji mikubwa tu. Mwezi wa Mei 2025 mkutano wa afya wa dunia huko Geneva ulipitisha azimio juu ya afya ya mapafu. Vema, lakini azimio halimfikii mtu wa Athi River mpaka mtu alidai.

Hata kabla ya hayo, mwenye kikohozi kilichopita wiki mbili aende hospitali, na amweleze daktari kazi anayoifanya na vumbi analovuta, maana asipoambiwa hataandika. Karatasi aitunze nyumbani, na nakala ampelekee mwakilishi wetu kiwandani.