Umri wa jina la tovuti haustahili kilemba

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anaifahamu desturi ya kilemba. Anayetaka fremu iliyokwishazoeleka kwa wateja humlipa anayehama fedha nje ya kodi. Katika intaneti nako majina ya zamani ya tovuti, yaani domeni, huuzwa kwa bei kubwa kuliko mapya, kwa madai kwamba Google huyapa nafasi ya juu mteja anapotafuta bidhaa. Kwa mwenye gereji au duka la vipuri pale Kipawa, ambaye mtaji wake ni wa kuhesabu, madai hayo yapimwe kabla fedha haijatoka.

Imani hiyo ina chanzo. Mwaka 2003 Google iliomba hataza ya kupima kurasa kwa historia yake. Maombi hayo, yaliyochapishwa 2005, yalieleza kwamba majina halali mara nyingi hulipiwa miaka kadhaa mbele, na ya walaghai ni nadra kutumika zaidi ya mwaka. Wauzaji wakalishika hilo. Lakini hataza hulinda wazo tu. Haithibitishi kwamba linatumika. Mwaka 2019 John Mueller wa Google alitamka wazi kuwa umri wa domeni hausaidii kitu.

Mbona basi tovuti kongwe huonekana juu? Sababu ni ile ile inayolipa duka la zamani wateja wengi: miaka ya kazi, wala si tarehe iliyo kwenye leseni. Tovuti kongwe imekusanya kurasa nyingi, na tovuti nyingine huwaelekeza wasomaji kwake. Jina lililosajiliwa miaka 10 iliyopita likalala bila kazi halina faida hiyo.

Kuna hatari pia. Tangu Machi 2024, kanuni za Google zinakataza kununua jina lililoachwa na mwenyewe na kulijaza kurasa zisizo na manufaa ili kupanda kwa sifa za zamani. Tovuti ya namna hiyo inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Hapo mnunuzi atakuwa amelipia hasara.

Kwa mteja anayetafuta duka la karibu, Google inataja mambo makuu matatu: duka kuendana na kinachotafutwa, umbali, na umaarufu wake. Umri wa jina haumo.

Kwa hiyo jina jipya la .co.tz linatosha. Fedha inayobaki iende kwenye orodha ya bei, picha za bidhaa na maelekezo sahihi ya duka. La muhimu zaidi, jina lisajiliwe kwa mwenye biashara, si kwa fundi aliyetengeneza tovuti, na ada ilipwe kabla ya muda kwisha. Wengi huhofia uchanga wa jina, kumbe hasara kubwa ni kulipoteza baada ya wateja kulizoea.