Mtoto kulala chini si kilio

Wiki hii tuingie katika chumba cha kulala. Tukitoka mkutanoni, wengi mmeniuliza kuhusu kitanda cha mtoto wetu wa tatu, kile cha chini kabisa, kando ya kitanda chetu. Wengine mmecheka. Mama mkwe wangu yeye hakucheka. Siku ya kwanza alipofungua mlango na kuona matela ya mtoto imetandikwa juu ya sima, alisimama pale pale akauliza: "Mwanangu, hapa kwenu nani amekufa?"

Mnajua alichotaka kusema. Kwetu matela hushuka chini siku za kilio. Wamama hulala juu ya mikeka, na mfiwa haketi juu. Kumlaza chini mtoto mzima, mwenye baba na mama, kwake ilikuwa ni kuita msiba ndani ya nyumba. Sikumjibu haraka. Nilimpa kiti, kisha nikamweleza jambo ambalo nilikuwa nimemwambia baba wa mtoto peke yake.

Mtoto alikuwa na miezi saba. Nilimwacha amelala kitandani mwetu, mto huku na mto kule, nikatoka nje kuangalia chungu juu ya mbabula. Nikasikia kishindo. Kilichonitisha hakikuwa kishindo chenyewe, ni kile kimya kilichofuata kabla hajalia. Tulikimbia naye kwenye dispensere. Infirmiye alimpapasa kichwa, akamwangalia macho, akatuambia tukae pale mpaka jioni ili aone kama atatapika au atalegea. Mungu ni mwema, hakupata kitu. Yule infirmiye hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mama, kitanda chenu kina urefu gani?" Niliporudi nyumbani nilichukua rula yangu ya masomo nikapima. Sentimeta 62. Kwa mtoto asiyejua bado kuweka mikono mbele, hiyo ni ghorofa.

Kitanda cha mtoto chenye vizuizi pande zote, fundi wa mbao alitutajia bei ambayo mshahara wa mwalimu haiwezi. Ndipo nikakumbuka somo la chuo. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, alifundisha kwamba kitanda cha mtoto kiwe cha chini, mtoto apande na kushuka kwa nguvu zake mwenyewe. Wakati wa mtihani niliyaandika hayo bila kufikiri sana. Siku ile niliyaelewa. Na wazee wetu waliolaza watoto juu ya mkeka hawakuhitaji diploma kuyajua.

Lakini kutupa matela chini hakutoshi. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Matela iwe ngumu na ya kulala sawa, isiyobonyea katikati. Shuka moja iliyobanwa vizuri. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hahitaji mto, wala blanketi nene, wala mdoli wa manyoya. Vyote hivyo vinaweza kumziba pua. Mlaze chali, mchana na usiku. Najua wengi tulifundishwa kumlaza kwa tumbo ili maziwa yasimkabe. Marekani walianza mwaka 1994 kuwahimiza wazazi walaze watoto chali, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua sana. Mtoto mzima aliyelala chali akicheua, hukohoa au humeza.

Usiiache matela karibu na ukuta kwa nafasi ndogo. Mtoto hubingirika akaingia pale, akakwama uso ukutani. Sisi tumeivuta mbali, nafasi ambayo mtu mzima anapita bila kujibana. Na isiwe njiani. Baba wa mtoto hufanya kazi ya zamu, anaweza kurudi usiku wa manane na umeme hakuna. Kwa hiyo mtoto yuko upande wangu, na taa ndogo ya sola inabaki imewaka karibu na mlango.

Faida ya kuwa naye chumba kimoja ni hii: namsikia anavyopumua, nanyosha mkono kumgusa, lakini hayuko katikati ya watu wawili waliochoka. Nikimnyonyesha usiku ninakaa kwenye matela yake, kisha narudi kwangu.

Sasa tuje kwenye mambo ya Lubumbashi yetu. La kwanza ni vumbi. Kiwanda cha shaba kilianza hapa mwaka 1911, na kilima cheusi cha mabaki yake tunakiona kila siku. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Walikuta kobalti nyingi kwa wanaokaa karibu na migodi na viwanda, na watoto ndio walioonyesha nyingi zaidi. Mtoto hutambaa, hugusa, kisha mkono huenda mdomoni. Ukimlaza chini, umemsogeza karibu na vumbi hilo. Kwa hiyo kwetu viatu vinabaki mlangoni. Hatufagii chumba kwa ufagio mkavu, tunapangusa kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi, na shuka ya mtoto inafuliwa mara kwa mara. Mwenye bwana anayefanya kazi ya mgodi, nguo za kazi zisiingie chumbani. Avulie nje, zifuliwe peke yake.

La pili ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na sima hunyonya joto la mtoto. Mvalishe nguo mbili tatu zinazomkaa vizuri badala ya kumrundikia mablanketi. Na hapa ninawaomba, wamama, nisikilizeni kama mlivyonisikiliza siku ya mkutano wa wazazi: mbabula isiingie chumbani. Hata kama makala yamekuwa mekundu na hayatoi moshi, yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo inaua watu wakiwa usingizini, wakubwa kwa wadogo. Tena mtoto anayelala chini anaweza kuamka na kutambaa mpaka kwenye moto. Pasha chumba ukiwa macho? Hapana, hata hivyo hapana.

La tatu ni mbu. Mustikeri yenye dawa ishuke mpaka chini na ikunjwe ndani ya matela pande zote, bila kamba inayoning'inia karibu na shingo ya mtoto.

La mwisho, siku moja piga magoti chumbani mwako uangalie kwa macho ya mtoto. Mimi nilipopiga magoti niliona waya wa kuchajia simu, chupa ya petroli chini ya meza, sindano ya kushonea, na sanduku lililosimama vibaya. Mtoto anayeweza kutoka kitandani mwenyewe amepewa chumba kizima, kwa hiyo chumba kizima lazima kiwe salama.

Mama mkwe alisikiliza yote. Alipomaliza kusikiliza, akasema: "Nimeelewa kuanguka. Lakini chini ni chini." Nilifikiri tumeshindwana. Jioni alimwita mwanawe, wakakaa kimya kidogo nje ya lupango, kisha wakarudi na neno moja: ubao. Jumamosi baba wa mtoto alinunua mbao kuukuu, akazipiga randa mpaka hazina kibanzi, akatengeneza jukwaa dogo lenye nafasi kati ya ubao na ubao. Kimo chake ni sentimeta 10. Hewa inapita chini ya matela, unyevu wa masika hauiozeshi, baridi ya sima haimfikii mtoto, na akibingirika hapati hata alama.

Mama mkwe alikuja kukagua. Aliinama, akapitisha vidole vyake chini ya ubao kuhakikisha vinapita. Kisha akasema: "Sasa halali chini. Analala kitandani."

Sikubishana naye. Anayetaka vipimo vya lile jukwaa aniulize Jumapili, nimeviandika katika kadaftari kangu.