Umbali Haufuti Deni la Mtoto



Katika vijiji vyetu wako akina mama wanaolea watoto peke yao, na baba wa watoto hao yu hai. Amekwenda ng'ambo kutafuta kazi. Mmoja yuko Uingereza, mwingine Omani, mwingine Afrika Kusini. Mwaka wa kwanza alituma fedha kila mwezi. Mwaka wa pili alituma mara moja. Halafu kimya.

Majirani husema, "Mwache. Aliyevuka bahari hashikiki." Mimi sikubaliani na maneno hayo. Baba akivuka bahari, deni la mtoto linabaki pale pale. Tena nasema hivi: bahari pekee haimkingi baba asiyetaka kulipa. Anakingwa zaidi na sisi tuliobaki, tunapokosa karatasi na tunapoficha anwani yake.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ilitungwa mwaka 1971. Ilimpa mume wajibu wa kumtunza mkewe. Ilimpa baba wajibu wa kuwapa watoto wake mahali pa kuishi, nguo, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo wake. Mwaka 2009 ikatungwa Sheria ya Mtoto. Hiyo inawapa wazazi wote wawili wajibu wa kumtunza mtoto, hata kama hawakufunga ndoa. Kwa hiyo mama aliyekwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani naye hajaachiwa huru. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011.

Mzazi anaweza kuomba mahakama iamuru matunzo. Mlezi pia anaweza. Ndugu wa mtoto anaweza, na afisa ustawi wa jamii anaweza. Bibi anayelea wajukuu asidhani kwamba hana mlango wa kubisha.

Mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, mizigo mingine waliyo nayo, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Haiangalii nani ana sauti kubwa.

Lakini yeye yuko mbali. Itakuwaje?

Nchi nyingine zina mpango wa kupokeana amri za matunzo. Tanzania Bara na Uingereza zina mpango wa namna hiyo. Kenya na Uingereza pia. Katika mpango huu mama hapandi ndege. Anakwenda mahakamani hapa hapa nchini. Mahakama inaweza kusikiliza ushahidi wake ingawa baba hayupo. Ikiridhika, hutoa amri ambayo bado inasubiri kuthibitishwa. Amri hiyo na ushahidi wake hupelekwa kwa njia ya serikali mpaka nchi aliko baba. Mahakama ya huko humwita baba naye ajieleze. Amri ikithibitishwa, baba hulipa huko na fedha huletwa huku. Mahakama ya Uingereza inaweza hata kumwagiza mwajiri akate fedha hizo kwenye mshahara.

Sitakudanganya. Njia hii ni ndefu na inataka subira. Kama baba yuko katika nchi isiyo na mpango na yetu, ni ngumu zaidi. Huenda ikabidi madai yafunguliwe huko huko aliko. Lakini kabla ya kukata tamaa, tazama nyuma yake. Je, aliacha shamba? Anajenga nyumba? Ana ng'ombe, au akiba benki? Yeye yuko mbali, lakini mali yake iko karibu. Mahakama ya hapa inaweza kuigusa mali iliyo hapa. Mweleze afisa ustawi au mahakama juu ya mali hiyo mapema.

Anayeficha anwani

Sasa nasema neno ambalo litawaudhi wengine. Mahakama haiwezi kumwita mtu isiyejua anakaa wapi. Mama anapouliza anwani, mara nyingine ndugu wa baba hujibu, "Hatujui." Kumbe jana wamezungumza naye kwa simu. Kumbe mwezi uliopita amewatumia fedha za mabati. Wanasema wanamlinda mtoto wao asisumbuliwe. Je, mjukuu anayerudishwa nyumbani kwa kukosa sare si mtoto wao?

Sheria ile ya 1971 ilisema mzigo wa kutunza watoto unamwangukia mama ikiwa baba amekufa, au hajulikani aliko, au hana uwezo. Tafakari maneno hayo. Asiyejulikana aliko amewekwa kundi moja na aliyekufa. Basi anayeficha anwani ya ndugu yake anamzika angali hai mbele ya watoto wake. Wazee wa ukoo, msikubali. Toeni anwani. Mtakuwa mmewalinda watoto wa damu yenu.

Kalamu yako ni silaha

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Fanya haya, hata kama leo bado anatuma fedha:

1. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, chenye jina la baba.
2. Tunza cheti cha ndoa. Kama huna, andika majina ya watu walioshuhudia ndoa.
3. Andika jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasi yake ya kusafiria, tarehe yake ya kuzaliwa, anwani yake ya huko na jina la mwajiri wake. Tafuta pia picha yake.
4. Tunza risiti za fedha alizotuma. Usifute ujumbe wake kwenye simu. Fedha alizotuma zinasaidia kuonyesha kwamba alimkubali mtoto.
5. Nunua daftari. Andika gharama za mtoto kila mwezi: chakula, nguo, shule, dawa. Andika tarehe.

Kisha mwandikie barua. Usitukane. Andika kwa ufupi namna hii:

"Baba watoto, salaam. Watoto hawajambo. Tangu mwezi wa tatu hatujapata matunzo. Gharama zao kwa mwezi nimeziandika hapa chini. Naomba unijibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Usipojibu, nitakwenda kwa afisa ustawi wa jamii."

Tia tarehe na sahihi. Baki na nakala. Akijibu vizuri, mapatano yenu yaandikwe. Akikaa kimya, chukua karatasi zako uende kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Uliza pia wasaidizi wa kisheria. Tangu 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria, na asiye na uwezo anaweza kusaidiwa bila malipo. Jihadhari na watu wanaojifanya mawakili wakataka fedha kabla hata ya kusoma karatasi zako.

Wengine watasema ni aibu kumshtaki baba wa watoto. Mimi nauliza, aibu ni ya nani? Anayedai chakula cha mtoto, au aliyemnyima? Wengine wanaogopa kwamba akikasirika atakata hata kile kidogo. Hofu hiyo naielewa. Ndiyo maana tunaanza na barua ya heshima. Lakini riziki ya mtoto haiwezi kutegemea furaha au hasira ya mtu mzima. Matunzo si zawadi. Ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliye mbali hawezi kumbeba mtoto mgongoni. Fedha zake zinaweza kufika. Basi usingoje mpaka kimya kitimize miaka. Anza na daftari wiki hii.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mahakama inahitaji anwani ya baba?
2. Je, ndugu wa baba wana wajibu gani kwa mtoto? Toeni maoni yenu.
3. Kila mmoja aandike barua ya kudai matunzo, yenye tarehe na sahihi. Someaneni.